Narudi nyumbani saa 1 usiku, watoto wadogo watatu: mnapika nini jioni?

Mama_Watatu (Kimara, Dar)

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni mawazo, hasa kwa mnaolea huku mnafanya kazi mbali na nyumbani.

Natoka kazini Posta saa 11 jioni. Nikibahatika kupanda mwendokasi mapema nafika Kimara saa 12 na nusu, siku nyingine saa 1 imeshapita. Wa kwanza ana miaka 6, wa pili miaka 3 na nusu, wa mwisho miezi 10. Dada anayenisaidia huondoka nikishafika kwa sababu naye ana mtoto wake, na sitaki kumwongezea kazi ya kupika chakula cha usiku. Kushinda na watatu hawa, kuwafulia na kuwaogesha, inatosha.

Shida ni hii. Nikifungua mlango wote wana njaa na usingizi kwa wakati mmoja. Ugali hauchukui muda, mboga ndiyo inayonichelewesha. Maharage ya kuanza mwanzo hayaivi kabla ya saa 3. Wakati wanasubiri wanapewa biskuti au maandazi ya asubuhi, chakula kikiwa tayari huyu wa pili anakula matonge mawili na kusinzia palepale mkekani. Baba yao anaingia saa 2 na nusu, yeye anataka ugali na mboga ya majani, samaki akipatikana ni furaha. Watoto wangepewa uchaguzi wangekula tambi na chipsi kila siku. Matokeo yake napika mara mbili, na mara ya tatu uji wa mdogo.

Nina jiko la gesi la pleti mbili na friji ndogo yenye friza juu. Presha kuka sina. Nyama ni ya Jumapili.

Sitafuti mapishi ya sherehe. Nataka kujua nyinyi wenyewe mnaweka nini sufuriani Jumatatu hadi Ijumaa, mnaanza saa ngapi, na mmefanyaje mpaka watoto na wakubwa wakala chungu kimoja.

---

Baba_Pacha (Mwanza)

Pole na safari dada. Mimi ndiye mpishi wa jioni kwetu, mke wangu ana zamu za usiku, na pacha wetu wana miaka 4.

Kilichoniokoa ni dagaa. Jumapili mchana tunakaa barazani na ungo, mimi na watoto, tunachambua. Wao wanatoa vichwa na vijiwe, wanajivunia kazi hiyo kweli. Nawaosha dagaa kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka mchanga uishe, hawa wa ziwa huwa na mchanga. Nawaanika juani kidogo, kisha nawakaanga kwa mafuta machache mpaka wakauke kabisa, wakivunjwa wanalia. Wakipoa wanaingia kwenye kopo lenye mfuniko. Wiki nzima hiyo ni mboga yangu ya dharura: kitunguu, nyanya, karoti ya kukwaruza, dagaa, maji ya limau. Ugali ukisongwa na dagaa wameiva.

Na wape wakubwa kazi. Wa miaka 6 anaweza kuchambua mchicha na kuvunja mayai kwenye bakuli. Wa miaka 3 anaweza kumenya kitunguu saumu na kupanga sahani mkekani. Mtoto aliye na kazi halii njaa kama aliyekaa kutazama tu.

Nikuombe jambo moja kwa msisitizo. Gesi ikiisha na ukalazimika kutumia mkaa, jiko libaki nje. Watoto wa umri huo wanakimbia na jiko la mkaa liko usawa wa magoti yao. Mvua ikinyesha usiliingize chumbani ukafunga madirisha. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi wa kukushtua, na imeshaua familia zikiwa usingizini.

---

Bibi_Pongwe (Tanga)

Mwanangu, salama? Nililea wangu nikiwa kazi ya zamu, na sasa wajukuu wanashinda kwangu hapa Pongwe wazazi wao wakiwa kazini mjini. Nakueleza ninavyofanya, wewe chukua kinachokufaa.

Jioni si wakati wa kuanza kupika. Jioni ni ya kumalizia. Maharage, kunde, mbaazi, kisamvu, makande, vyote hivi kazi yake kubwa ni moto wa muda mrefu, na moto huo hauna sababu ya kuwaka saa 1 usiku watoto wakikulilia miguuni. Ijumaa usiku loweka kilo ya maharage kwenye maji mengi. Asubuhi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha mpaka yaive kabisa, bila chumvi, bila kitunguu, bila nazi. Yakipoa yagawe kwenye vikopo, kila kimoja kitoshe mlo mmoja wa nyumba yako, na maji yake kidogo juu, halafu friza. Asubuhi unapotoka kwenda kazini shusha kopo moja likae chini kwenye friji liyeyuke. Ukirudi unakaanga kitunguu na nyanya, unamimina, robo saa mboga imekamilika.

Bila nazi nimesema kwa makusudi. Chakula cha nazi kwenye joto la pwani kinachacha upesi, na ukikitia kwenye friji hiyo ndogo na kukitoa kila siku utakitupa. Tui ni la siku ya kula.

Sasa hao wanaokula biskuti wakisubiri. Watoto hawana kosa, tumbo lao ni dogo na saa 12 ndiyo saa yao ya kula. Usigombane na saa hiyo. Kile wanachopewa wakati wa kusubiri ndicho kiwe chakula chenyewe. Asubuhi, wakati unawaandaa, injika viazi vitamu au mihogo kwenye pleti ya pili. Haihitaji kusimamiwa. Viweke vimefunikwa. Ukiingia jioni, kabla hujavua viatu, kila mtoto ana kipande cha kiazi na kipande cha papai au ndizi mkononi. Akishiba hapo, ameshiba chakula. Akibakiwa na nafasi, mboga inamkuta. Maandazi dada ayamalize na chai ya asubuhi, jioni yasiwepo machoni.

Halafu kuna mseto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vijana wengi mmeuacha. Choroko haina haja ya kulowekwa usiku kucha, na watoto wasio na meno ya kutosha wanaula bila tabu.

Chukua kikombe kimoja cha choroko, zichague mawe, zioshe, zichemshe kwa maji matupu. Zikianza kupasuka, nusu saa hivi au pungufu, osha kikombe na nusu cha mchele utie humo. Ongeza tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, lipite juu ya mchele kama vidole viwili. Kitunguu kilichokatwa, kipande cha tangawizi, basi. Moto wa wastani, funika. Maji yakipungua na mchele ukilainika, teremsha moto, mimina tui zito la mkamuo wa kwanza, sasa shika mwiko na uanze kuuponda ukiukoroga taratibu kuelekea upande mmoja. Usiuache peke yake hapa, tui zito lisipokorogwa linakatika na chini panashika. Utaona mwiko unaanza kuacha njia nyuma yake na mseto unang'aa mafuta ya nazi pembeni mwa sufuria. Hapo umeiva.

Kabla ya chumvi, chota bakuli la mdogo. Huyo ameshapata chakula, uji wa mara ya tatu umefutika. Kisha chumvi, kisha pakua ya watoto wakubwa. Inayobaki ni yenu. Baba akija, mpashie na dagaa wa kukaanga au kipande cha samaki, kachumbari yenye pilipili pembeni. Sufuria ni moja, tofauti inafanyika mwishoni. Hivyo hivyo kwa mchuzi wa samaki, makande, ndizi za kupika, hata tambi: pika bila pilipili na chumvi, toa ya mdogo, tia chumvi, toa ya watoto, pilipili iende mezani.

Choroko nazo unaweza kuzichemsha alfajiri au usiku uliotangulia zikakungoja kwenye friji. Ukifanya hivyo mseto ni wa nusu saa. Nazi kama huna muda wa kukuna, nunua iliyokunwa sokoni asubuhi au tumia ya pakti. Mimi napenda ya mbuzi, ila siwezi kumwambia mtu anayefika saa 1 usiku akae kwenye mbuzi.

Kwa siku nyingine kwangu huwa hivi: maharage na ugali na mchicha; ndizi za kupika na nyama kidogo au maharage; wali na mchuzi wa mayai; dagaa. Ijumaa viazi mbatata vya nazi. Sina orodha ukutani, naangalia kilichopo gengeni, lakini hazizidi aina tano na watoto wanazijua. Kwa mtoto, kurudiarudia si kuchoka. Akikijua chakula anakaa akale.

---

Lishe_Moro (Morogoro)

Shikamoo Bibi Pongwe, umefundisha vizuri. Mimi ni afisa lishe, naomba niongeze machache kwa ajili ya huyu wa miezi 10 na wa miaka 3.

Mpeni mboga yenyewe, msimpe mchuzi tu. Hili ninalikuta kila siku kliniki. Mtoto analishwa ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa nyama au wa maharage, nyama na maharage yenyewe wanakula wakubwa. Madini ya chuma na protini vimebaki kwenye kipande, si kwenye maji yake. Maharage yapondwe kwa uma, nyama isagwe au ikatwe nyuzi ndogo, samaki achambuliwe miiba kwa vidole, si kwa macho. Dagaa wakisagwa wakawa unga, kijiko kimoja kwenye mseto au uji kinatosha, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao wana kalisi nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 unataka chakula chenye asili ya wanyama kila siku, na yai linahesabika, dagaa wanahesabika. Si lazima nyama ya Jumapili. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili na zaidi.

Limau aliloligusia Baba Pacha lina kazi kubwa kuliko ladha. Vitamini C inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga za majani, kwa hiyo limau kwenye mboga, au chungwa na papai baada ya kula. Chai inafanya kinyume, inazuia. Usiwape chai ya rangi pamoja na chakula cha jioni, maji yanatosha.

Viazi vitamu ukivipata vya rangi ya chungwa, vile tunavyoviita viazi lishe, chagua hivyo. Vina viasili vya vitamini A kwa wingi, na mafuta kidogo au tui kwenye mlo yanausaidia mwili kuvitumia. Watafiti waliovieneza Afrika walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Mchuzi wa karanga ni mzuri na wa haraka, lakini chambua karanga zako. Iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi itupe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kukaanga, na mwaka huohuo wa 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, humpalia. Zisagwe. Asali hapana mpaka atimize mwaka mmoja.

---

Wambo_wa_Nakuru (Kenya)

Hamjambo nyote. Dada wa Kimara, mimi sina friji kabisa, kwa hivyo ya vikopo hainisaidii, lakini kuna njia yangu labda ifae mwingine anayesoma hapa.

Githeri yangu, nyinyi mnaiita makande, inaivia ndani ya kikapu. Ni kikapu kikubwa cha kawaida kilichoshonewa ndani mto mzito wa vipande vya blanketi, na mto mwingine wa kufunika juu. Mahindi na maharagwe yanalala kwenye maji. Asubuhi saa 11 nayachemsha yatokote kwa nguvu kama nusu saa, sufuria imefunikwa, kisha naizika kikapuni ikitokota na sifungui hata mara moja. Jioni ninaitoa ikiwa bado moto, naikaanga na kitunguu, nyanya na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Makaa niliyotumia ni kidogo sana.

Maharagwe, hasa mekundu, ni lazima yatokote sawasawa kwanza, dakika 10 na zaidi, ndiyo yaingie kikapuni. Yakiwekwa yakiwa vuguvugu tu yanabaki na sumu yake na nyumba nzima itaumwa tumbo. Na jioni yachemshe tena kabla ya kumpa mtoto.

---

Mama_Watatu (Kimara, Dar)

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza.

Viazi vya asubuhi vimebadilisha jioni yangu kabisa. Ninaingia, mikono inaoshwa, kila mtu kipande chake na papai, nyumba inatulia, nami napata nafasi ya kuinjika sufuria bila mtoto mgongoni. Mseto nimeupika kwa choroko nilizochemsha usiku uliotangulia. Mdogo alikula bakuli lote na kulilia zaidi. Baba yao niliyedhani ataulizia ugali alikula na dagaa, akauliza kwa nini chakula hiki hakijawahi kupikwa nyumbani, kumbe mama yake wa Bagamoyo alikuwa akiwapikia.

Wa kwanza sasa ndiye mchambuzi wa mchicha. Amekataa mtu mwingine asiguse ungo.

Wa pili ndiye bado. Anachomoa jani mojamoja kwenye tonge na kuliweka pembeni ya sahani, kwa utulivu kabisa, mpaka amalize. Nimlazimishe? Bibi yake mzaa baba anasema nimshike nimlishe. Sitaki chakula cha usiku kiwe vita, lakini sitaki pia akue bila mboga. Na chipsi, niwakatalie moja kwa moja au ziwe na siku yake?

---

Bibi_Pongwe (Tanga)

Marahaba mwanangu. Usimshike wala usimlishe kwa nguvu. Kupika ni kazi yako, na wewe ndiye unayeamua nini kinaingia sahanini na saa ngapi. Kumeza ni kwake. Endelea kumwekea mchicha kila ukipikwa, kidogo tu, kijiko kimoja, bila kusema neno na bila kumpigia makofi akionja. Wapo watoto wanaokiona chakula kwenye sahani mara kumi na zaidi kabla hawajakikubali. Muhimu asipewe biskuti kwa sababu amekataa mboga, maana hapo atakuwa amejifunza bei yake.

Kwa sasa mkatie mchicha mwembamba sana, uchanganye kwenye mayai mawili na kitunguu, kaanga mviringo kama chapati, mkatie pembe nne ashike mkononi. Majani ya maboga na matembele yanakubali pia. Anayechomoa jani la kwenye tonge mara nyingi halichomoi kwenye yai.

Chipsi zipe Ijumaa, za nyumbani. Menya viazi, vichemshe nusu kuiva, vikauke kabisa kwa kitambaa, ndipo viingie kwenye mafuta ya moto. Havinywi mafuta mengi. Kachumbari pembeni na yai juu, na wewe siku hiyo upumzike ugali. Mama mkwe wako mwambie taratibu, mkaribishe jioni moja ale nanyi, amwone mtoto anavyokula yai lake.

---

Lishe_Moro (Morogoro)

Namuunga mkono bibi. Kwa huyo mchambuzi wa ungo: mwambieni mchicha uoshwe kwanza ndipo ukatwe, siyo kukata halafu kuosha, vitamini zinakwenda na maji. Na usikae motoni zaidi ya dakika chache, ukinywea bado una rangi yake ya kijani, uteremshwe.